Mtoto huja na roho yake

Kwa sisi tunaofanya kazi na watoto na vijana, methali tunayoisikia kuliko zote ni hii: samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia kwenye semina za walimu wa dini, kwenye mikutano ya wazazi, kwenye mafunzo ya wanaojitolea. Kila anayeisema ana nia njema. Anataka mtoto afundishwe mema mapema, kabla ulimwengu haujamfundisha mengine. Hapo sina ubishi. Lakini likija suala la maisha ya kiroho ya mtoto, methali hii hunipa shida, kwa sababu samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hana swali, hana hofu, hana ndoto aliyoiota usiku, hana mtu anayemlilia. Mtoto anayo hayo yote, na alianza kuyabeba kabla hajakutana na mimi wala wewe.

Kwa miaka mingi nimekaa na watoto kwenye vipindi vya baada ya masomo, kwenye makambi ya vijana na kwenye makao ya watoto, na imani yangu kuhusu kazi hii imekuwa moja. Katika mambo ya roho hatuitwi kumjaza mtoto kitu ambacho hana. Tunaitwa kukitambua alicho nacho, kukipa nafasi, na kukilinda kisiharibiwe, hasa kisiharibiwe na sisi wenyewe.

Nikisema maisha ya kiroho simaanishi dini peke yake, ingawa kwa watoto wengi dini ndiyo inayowapa maneno ya kuyasemea mambo hayo. Namaanisha yale maswali ambayo mtoto huyauliza mtu mzima akiwa amejisahau: waliokufa wako wapi, nani ananiona nikiwa peke yangu, kwa nini aliyenipiga hakuadhibiwa nikaadhibiwa mimi. Namaanisha mshangao wake mbele ya mdudu mdogo, hatia inayomkosesha usingizi, shukrani, msamaha, na lile tumaini la ajabu walilo nalo watoto hata pale ambapo watu wazima tumekwisha kata tamaa. Mtoto wa Kiislamu anayo, wa Kikristo anayo, wa Kihindu anayo, na aliyelelewa bila dini yoyote anayo pia.

Nakumbuka mvulana mmoja wa miaka tisa hivi aliyefiwa na mama yake. Alirudi kwenye vipindi vyetu baada ya muda mfupi, na kila mtu alimsifu. Hakulia, hakusumbua, alifanya kila alichoambiwa. Watu walisema amejikaza kiume. Jioni moja tulibaki wawili tukipanga viti. Akiwa ameshika kiti, bila kuniangalia, akaniuliza: "Mwalimu, Mungu anawasikia na wale wanaoongea kimoyomoyo?"

Nikamwuliza yeye anaonaje. Alifikiri, akapanga kiti kingine, kisha akasema anadhani anawasikia, ila huenda anachelewa kuwajibu kwa sababu watu ni wengi. Kumbe kila usiku alikuwa anamwomba Mungu amfikishie mama yake salamu, na alitaka kujua kama salamu zinafika kwa foleni au zinafika palepale. Nikamwuliza ni salamu gani hizo. Akaniambia moja moja: kwamba mtihani wa hesabu haukuwa mgumu, kwamba mdogo wake ameota jino, kwamba ile sweta aliyokuwa anaitafuta mama imepatikana chini ya kitanda. Tuliendelea kupanga viti mpaka vikaisha.

Ningeweza kumpa jibu la kitabu. Wakati ule majibu yalinijia mengi, na baadhi yake ni mazuri. Ila mtoto yule jibu lake alikuwa nalo tayari, tena lenye mantiki. Alichokuwa hana ni mtu wa kumwuliza salamu zenyewe ni zipi. Kwa ruhusa yake nilizungumza na shangazi yake aliyekuwa anamlea. Shangazi akasema nyumbani wanasali kila jioni, ila jina la marehemu hawalitaji kwa kuogopa kumliza mtoto. Tangu hapo wakaanza kulitaja. Mtoto alilia, na kulia kwenyewe kulimsaidia.

Watu wanaofanya utafiti juu ya watoto wamekutana na jambo hilihili. Uingereza, miaka ya 1990, David Hay na Rebecca Nye walikaa na watoto wa shule za msingi katika miji ya Nottingham na Birmingham, wakazungumza nao juu ya maisha yao. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakihudhuria ibada yoyote. Hata hivyo, katika maneno yao ya kawaida kabisa juu ya wanyama, usiku, kifo na marafiki, watafiti hao waliona kitu kimoja kikijirudia. Mtoto anajijua kupitia uhusiano: na nafsi yake, na watu, na ulimwengu, na Mungu kwa yule anayemtaja Mungu. Ninalipenda jambo hili kwa sababu linanipa pa kuanzia na mtoto yeyote. Sihitaji kujua kwanza kama anasali. Nahitaji kujua ana uhusiano gani na nini, na ni uhusiano gani umevunjika.

Mfano ninaourudia kila ninapofundisha wanaojitolea ni wa Ruby Bridges. Mnamo Novemba 1960, akiwa na miaka 6, alikuwa mtoto mweusi wa kwanza kuingia shule ya msingi ya William Frantz iliyokuwa ya wazungu pekee, mjini New Orleans, Marekani. Maafisa wa serikali kuu walimsindikiza kupita katikati ya watu wazima waliomzomea na kumtishia. Wazazi wazungu waliwaondoa watoto wao, na kwa mwaka ule wote Ruby alifundishwa peke yake darasani na mwalimu mmoja, Barbara Henry. Daktari wa magonjwa ya akili, Robert Coles, alianza kumtembelea, akitafuta dalili za madhara kwa mtoto anayetukanwa kila asubuhi. Siku moja mwalimu, akiwa dirishani, alimwona Ruby akisimama mbele ya umati, midomo yake ikisogea. Alipoulizwa alikuwa anawaambia nini, Ruby akasema hakuwa akiongea nao. Alikuwa akiwaombea. Kwa kawaida alisali kabla ya kuufikia umati, ila siku ile alisahau, ikabidi asali palepale. Alimwomba Mungu awasamehe kwa kuwa hawajui wanalofanya.

Nikishasimulia hivyo, kuna anayekimbilia kusema: mnaona, mkimfundisha mtoto sala atastahimili lolote. Hapo huwa nasimama. Sala ya Ruby haikuondoa wajibu wa wale watu wazima kuacha kumzomea, wala wajibu wa serikali kumlinda. Wale maafisa waliomsindikiza walikuwa na kazi yao na sala ilikuwa na kazi yake. Imani ya mtoto isiwe kisingizio chetu cha kumwacha katika mazingira yanayomuumiza huku tukimsifu kwa uvumilivu. Nimewaona watoto waliosifiwa hivyo. Wanajifunza kwamba maumivu yao yanapendeza watu, basi wanayaficha vizuri zaidi.

Coles mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza watoto wa dini mbalimbali na wasio na dini katika nchi tofauti, alikiri kwamba elimu yake ilimfundisha kuyachukulia maneno yao juu ya Mungu kama dalili ya jambo jingine. Ilimchukua muda kuyasikia kama yalivyosemwa. Sisi tulio kwenye kazi hii tunalijua hilo. Mtoto anataja malaika, nasi tunaandika kwenye faili "anaogopa kulala peke yake". Huenda anaogopa kweli. Lakini alimtaja malaika, na hilo nalo liandikwe.

Sheria za kimataifa hazikulisahau jambo hili, hata kama sisi hulisahau. Azimio la Geneva la Haki za Mtoto la mwaka 1924, lililotokana na kazi ya Eglantyne Jebb, Mwingereza mwanzilishi wa shirika la Save the Children, lilianza kwa kusema mtoto apewe njia za kukua kawaida, kimwili na kiroho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 27, unataja makuzi ya kimwili, kiakili, kiroho, kimaadili na kijamii kwa pamoja. Kifungu cha 14 kinamlinda mtoto katika uhuru wa fikra, dhamiri na dini, na papo hapo kinatambua haki na wajibu wa wazazi kumwongoza kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Mvutano wote wa kazi yetu umo mle. Mzazi ana haki ya kumwongoza, na mtoto ana dhamiri yake. Mimi mlezi ni wa tatu, wala si wa kwanza.

Basi kwa vitendo inakuwaje? Nianze na ukimya, maana hapo ndipo nimeona mengi. Maria Montessori, daktari na mlezi wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza, aliyoiita nyumba ya watoto, katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, siku moja aliingia darasani na kichanga cha miezi minne hivi. Akawaonyesha watoto jinsi kilivyotulia, pumzi zake zisivyosikika. Watoto wakajaribu kutulia vilevile. Baadaye likawa zoezi: watoto wanakaa kimya kabisa, naye kutoka chumba cha pili anawaita mmoja mmoja kwa kunong'ona, kila aliyesikia jina lake ananyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu bila kugusa kiti. Haikuwa adhabu. Watoto waliufurahia ukimya kwa sababu mwisho wake kila mmoja aliitwa kwa jina.

Nimefanya zoezi hilo na watoto wadogo, na nimelifanya kwa namna nyingine na vijana wa sekondari wanaodaiwa kutoweza kukaa dakika moja bila simu. Wanaweza. Dakika za kwanza ni za kukohoa na kucheka. Ukivumilia bila kukemea, wanatulia. Kisha siwaulizi "mmejifunza nini", maana swali hilo huua kila kitu. Nawauliza wamesikia nini. Mmoja atasema amesikia feni, mwingine moyo wake. Msichana mmoja aliwahi kusema amesikia kwamba amechoka. Tulizungumza juu ya uchovu wake kwa wiki kadhaa.

Wengi wetu tumeligeuza jambo hili kinyume. Ukimya kwetu ni amri, "Nyamaza!", na sala ni kitu cha kuanzia na kumalizia ratiba. Mtoto aliyekosa anaambiwa akasali. Aliyechelewa anapewa mistari ya kukariri kama adhabu. Halafu tunashangaa akifika miaka kumi na sita hataki kusikia. Ibada iliyogeuzwa fimbo itakumbukwa kama fimbo.

Hapa siwezi kupita haraka, kwa kuwa madhara ya kiroho yapo na yanatendwa na watu wanaotaja jina la Mungu. Kuna la kumtisha mtoto kwa moto na mapepo ili atii. Kuna la kumwambia anayeumwa kwamba imani yake ni ndogo. Kuna la kumwambia binti aliyezama kwenye sonona kwamba ana roho chafu, akapelekwa kuombewa usiku kucha badala ya kupelekwa pia kwa daktari. Namwambia kila mlezi: sala na dawa hazigombani. Kijana akikueleza kwamba anataka kujiua, huwezi kuishia kwenye dua. Unabaki naye, unamwita mtu mwenye ujuzi, na unamwambia wazi kwamba hiyo siri hutaitunza peke yako.

Na kuna unyanyasaji wenyewe. Tume ya Kifalme ya Australia iliyofanya kazi kati ya 2013 na 2017 kuchunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto iliwasikiliza faragha zaidi ya watu 8,000. Zaidi ya nusu ya waliosikilizwa waliumizwa wakiwa chini ya taasisi za dini. Anayeheshimiwa kama mtu wa Mungu haulizwi maswali, na mtoto akisema haaminiwi. Jeraha la namna hiyo linampokonya mtoto hata pale ambapo angekimbilia kulia. Kwa hiyo ninaposema tuthamini maisha ya kiroho ya watoto, kwa pumzi hiyohiyo nasema: hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, awe shehe, padri, mchungaji, mwalimu au mimi. Hakuna maombi ya siri. Hakuna ufunuo unaomhusu mtoto ambao mzazi wake hapaswi kuujua. Anayeona masharti haya yanamvunjia heshima hafai kukaa na watoto.

Kwa vijana mambo hubadilika. Mtoto wa miaka saba huuliza ili ajibiwe. Kijana wa miaka kumi na saba mara nyingi huuliza ili aone kama utakasirika. "Kama Mungu yupo, mbona…" na hapo anataja jambo lililompata yeye au rafiki yake. Shaka ya kijana ni sehemu ya kukua kwake kiroho, nami humheshimu zaidi anayeniletea shaka yake kuliko anayenijibu "amina" huku macho yako kwingine. Ukikasirika, amepata jibu lake. Ukimpa hotuba, atakushukuru kwa adabu na hatarudi.

Don Bosco, padri aliyetumia maisha yake na wavulana maskini wa Torino, Italia, aliandika barua kutoka Roma mwaka 1884 akisema haitoshi vijana wapendwe, lazima wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Katika barua hiyo aliwalaumu walezi walioacha kukaa na vijana wakati wa michezo, wakabaki wasimamizi tu. Nimesoma miongozo mingi ya huduma kwa vijana, na machache yamenisaidia kama hilo. Kijana haji kwenye swali la roho kupitia mada uliyoiandaa. Anakuja kupitia mpira, kupitia kuosha vyombo kambini, kupitia safari ndefu ya basi. Kama hukuwepo huko, kwenye mada atakuwepo kwa mwili tu.

Wapo wanaotaka takwimu kabla ya kukubali lolote. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard, Ying Chen na Tyler VanderWeele, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia zaidi ya vijana 5,000 wa Marekani kwa miaka kadhaa. Waliohudhuria ibada kila wiki, au waliosali au kutafakari kila siku wakiwa wadogo, kwa jumla walifika utu uzima wakiwa na dalili chache za sonona, wakiridhika zaidi na maisha, na wakitumia kidogo dawa za kulevya. Ni matokeo mazuri, nami nayafurahia. Ila nisingependa mtu ayachukue kama tangazo la dini. Mtoto hasali ili asije akatumia dawa za kulevya. Yule mvulana wa viti alisali kwa sababu alikuwa na salamu za kupeleka.

Mlezi naye? Mtu aliyekauka ndani hawezi kumpa mtoto nafasi ya ndani. Nasema hivi bila kumdai mtu dini fulani. Mfano mkubwa kwangu ni Janusz Korczak, daktari aliyeongoza makao ya watoto yatima wa Kiyahudi mjini Warsaw, Poland, tangu 1912 pamoja na Stefania Wilczyńska. Humo watoto walikuwa na mahakama yao wenyewe, vifungu vingi vya sheria yake vikiwa vya kusamehe, na Korczak mwenyewe aliwahi kushtakiwa humo na kukubali hukumu. Agosti 1942 Wanazi walipowachukua watoto wake wapatao 200 kuwapeleka kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka, yeye aliyekuwa amepewa nafasi za kujiokoa alizikataa, akaenda nao. Watu hukumbuka zaidi siku ile ya mwisho. Mimi hurudi zaidi kwenye ile mahakama, kwenye miaka yote ya kawaida ambayo mtu mzima alikubali kuhojiwa na mtoto wa miaka kumi. Nadhani aliyeizoea haki ya namna hiyo kila siku hakuanza kujiuliza Agosti ile awaache au aende nao.

Wanaotaka kujitolea nasi, siwaulizi wanajua aya ngapi. Nawauliza wanapumzika lini, nani anawasikiliza wao, na mara ya mwisho kumwomba mtoto msamaha ilikuwa lini. Hili la mwisho huwashtua wengi.

Swali wanalolihofia zaidi ni lile ambalo mtoto atawauliza mapema tu: "Na wewe unaamini nini?" Wengine hulikwepa kwa kuogopa kuonekana wanashawishi, wengine hulipokea kama mlango uliofunguliwa wa kuhubiri. Mimi hujibu ukweli, kwa sentensi mbili au tatu, bila kupamba na bila kushusha sauti kana kwamba ni siri. Kisha namwuliza kilichomfanya aulize. Na kama ninaloamini linatofautiana na wanaloamini nyumbani kwao, namwambia hivyohivyo: nyumbani kwenu mnaamini hivi, mimi naamini vile, kamwulize baba au mama akueleze vizuri la kwenu, ukirudi utanisimulia alivyosema.